Mali Bila Daftari: Medali za Babu Zetu na Usingizi wa Wasomi

Wahenga walituachia methali: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa miaka mingi nimeitumia darasani ninapofundisha habari za bajeti na uwajibikaji, na wanafunzi wangu wameizoea kiasi cha kuimalizia kabla yangu. Sikutarajia kwamba siku moja ingenihukumu mimi mwenyewe, tena mbele ya mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu mjini Tunduma.

Ilikuwa wakati wa likizo. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara kuu, pale malori ya kwenda Zambia na Kongo yanapopanga foleni tangu alfajiri, nikisubiri gari la kunipeleka kijijini wilayani Momba. Kijana mmoja akaja kwa mnunuzi, akanisalimu kwa adabu, kisha akafungua kitambaa na kutoa kipande cha duara cha fedha kilichofifia, kikiwa bado na uzi mchafu wa utepe. Mnunuzi akakikwaruza kwa ukucha, akakiweka kwenye mizani pamoja na fundo la nyaya za shaba. Nikamwomba anipe nikitazame. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha Mfalme George wa Tano. Upande wa pili, mtu aliye uchi juu ya farasi, na miaka 1914 na 1918.

"Hii ni ya nani, kijana wangu?" nikamuuliza.

"Ya baba yake babu. Bibi amelazwa, baba. Tunatafuta fedha ya dawa."

Nilitoa kidogo nilichokuwa nacho kwa ajili ya bibi, nikamsihi kijana asiiuze, nikapiga picha mbili kwa simu, nikachukua namba yake. Nilipanda gari nikijiona nimefanya jambo la maana. Baada ya miezi mitatu nilimpigia. Bibi alikuwa ameshafariki, na medali ilikuwa imeshauzwa kwa mtu aliyetoka ng'ambo ya pili ya mpaka, ambaye hakuacha jina. Nikafungua zile picha. Ya kwanza ilikuwa ya mfalme, ya pili ya farasi. Ukingo wa medali, mahali penye maandishi madogo, sikuupiga. Mimi, mtu mwenye shahada ya uzamivu, nilipiga picha ya mfalme. Babu wa watu sikumpiga.

Ndugu msomaji, makala haya ni ungamo, lakini pia ni mashtaka. Na mshtakiwa wa pili, baada yangu mimi, ni jamii nzima ya wasomi wa nchi hii.

Kwa nini ukingo? Kwa sababu medali za kampeni za Waingereza, tangu karne ya 19 hadi Vita Kuu ya Kwanza na hata baada yake, zilichongwa ukingoni namba ya askari, cheo chake, jina lake na kifupisho cha kikosi chake. Mbele ya medali ni dola inayojisifu. Nyuma yake ni dola hiyo hiyo. Ukingoni ndipo alipo mtu. Kwa maelfu ya Waafrika waliozaliwa kabla ya vyeti vya kuzaliwa, kabla ya daftari la wapigakura, wengine hata kabla ya vitabu vya ubatizo kufika vijijini mwao, huenda ukingo huo ndio mahali pekee duniani ambapo jina lao liliandikwa likadumu. Anayeyeyusha medali hiyo kwa ajili ya fedha yake amechoma daftari lenye ukurasa mmoja. Jambo hili si geni. Bei ya fedha ilipopanda ghafla duniani mwaka 1980, medali nyingi za aina hii ziliyeyushwa huko huko Uingereza. Tofauti ni kwamba wenzetu walikuwa wamebaki na orodha. Sisi tulikuwa na kipande cha madini na kumbukumbu ya bibi.

Wapo watakaouliza medali za Uingereza zilifikaje Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 tu kutoka Mbeya. Jibu ni kwamba ardhi hii ilikuwa uwanja wa vita kabla haijawa mkoa. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yalipitisha mstari katikati ya nchi ya Wanyamwanga. Waliobaki kusini wakawa raia wa utawala wa Rhodesia ya Kaskazini, waliobaki kaskazini wakawa wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914, ndugu wa ukoo mmoja walijikuta wakibebeshwa mizigo na majeshi mawili yanayowindana. Mwezi Mei 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka huu, kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, yakaingia nchi ya Wajerumani. Miaka miwili baadaye, Lettow-Vorbeck alipita Mbozi akielekea kusini, na mwanzoni mwa Novemba 1918 alikuwa akipigana Fife, kituo cha Waingereza kisicho mbali na Nakonde ya leo. Habari za kusitishwa kwa vita zilimkuta karibu na Mto Chambeshi tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Alisalimu amri Abercorn, yaani Mbala, tarehe 25 Novemba.

Kwa maneno mengine, vita ambavyo watoto wetu hufundishwa kwamba vilianza Sarajevo vilifikia tamati yake barani Afrika katika eneo ambalo mwendesha bodaboda wa Tunduma na mwenzake wa Nakonde wanalijua vyema. Muulize mwanafunzi wa kidato cha nne mkoani Songwe kuhusu Sarajevo, atakujibu. Muulize kuhusu Fife, atakutazama.

Sasa nije kwenye hoja ninayokutana nayo kila ninapolizungumza jambo hili na wenzangu wa chuoni. Wanasema: hizo ni nishani za vibaraka. Waliozipata walitumikia mkoloni. Ziachwe zipotee, na afadhali zikipotea. Mmoja aliniambia kwamba kuzihifadhi ni kumsafishia mkoloni jina.

Hoja hii ina sura ya uzalendo, lakini ndani yake ni uvivu. Nakiri kwamba medali si kitu kisicho na hatia. Medali ya Ushindi, iliyotolewa pamoja na ile niliyoiona Tunduma, ina maneno nyuma yake yanayodai kwamba vile vilikuwa vita kuu kwa ajili ya ustaarabu. Ustaarabu! Mtu wa Momba aliyeona ghala la mtama likitwaliwa na jeshi moja, na mabaki yake yakitwaliwa na jeshi la pili, aliuona ustaarabu huo kwa macho yake. Nakiri pia kwamba iko medali ya Afrika yenye kibao cha Kenya, waliyopewa askari waliopelekwa kupambana na Mau Mau miaka ya 1950, na kwamba miongoni mwa vikosi vilivyopelekwa huko vilikuwamo vya Tanganyika. Hilo ni jambo chungu. Lakini tangu lini mwanazuoni akachoma ushahidi kwa sababu ni mchungu? Ukitaka kumshtaki mkoloni, utamshtaki kwa nini kama umeyeyusha vielelezo?

Isitoshe, neno kibaraka ni rahisi mno kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, wakitumia kwa sehemu kubwa askari waliokuwa wa Wajerumani na kutekwa vitani. Mtu mmoja, vita kimoja, bendera mbili. Ukingo wa medali yake utakuonyesha bendera ya pili tu. Ya kwanza iko kwenye simulizi za ukoo. Kikosi hicho hicho cha sita, kwa kupitia miaka na majina mbalimbali, ndicho kilichokuja kuwa msingi wa Tanganyika Rifles tulipopata uhuru mwaka 1961, jeshi lililoasi Januari 1964 na kuvunjwa ili Jeshi la Wananchi liundwe mahali pake. Huwezi kueleza kwa ukamilifu jeshi letu lilikotoka huku ukiwaruka watu hawa. Walikuwa watu, wenye njaa, tamaa, hofu na hesabu zao. Kazi ya msomi ni kuwaelewa kabla ya kuwapa jina.

Na wakati sisi tunabishana kuhusu majina ya kuwapa, kuna watu wanaosoma majina yao halisi. Hapa ndipo aibu inaponishika zaidi. Uingereza kuna wakusanyaji wa medali, wengi wao wakiwa watu wa kawaida wasio na cheo chochote cha kitaaluma, ambao hununua mnadani medali ya askari wa Keya, kisha hukaa miezi wakimtafuta mwenye jina. Wana chama chao cha utafiti wa nishani na medali tangu mwaka 1942. Wanakwenda Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, wanafungua orodha za medali, wanalinganisha namba ya askari na shajara ya kikosi, wanajua kampuni yake ilikuwa wapi mwezi gani. Mtu wa mji mdogo wa Uingereza anaweza kumjua babu wa mtu wa Momba kuliko idara nzima ya chuo kikuu cha Tanzania inavyomjua. Siwalaumu wakusanyaji hao. Wapo wanaofanya biashara tupu, na medali kwao ni bidhaa inayopanda bei kadiri mwenye nayo alivyouawa mahali penye sifa. Lakini wapo wanaosoma kwa heshima na uvumilivu ambao sisi tunaolipwa mshahara kwa ajili ya kusoma hatujauonyesha. Kama mgeni ameokota ulichokitupa akakisafisha, si haki kumwita mwizi. Mjiulize nani alikitupa.

Hata hivyo, daftari la Kew halitoshi, na hapa ndipo msomi wa Songwe asipoamka hakuna atakayeifanya kazi yake. Daftari lile liliandikwa na karani aliyesikia majina ya Kinyamwanga na Kinyiha kwa sikio la kigeni. Askari wengine walijiandikisha kwa majina mapya ya Kiswahili waliyoyapata kambini. Mtafiti wa London akikutana na jina linaloanza na Si, ataliona kama jina la ukoo la Kiingereza: moja, lisilobadilika, la baba na watoto wote. Hajui kwamba kwetu kaka ni Simwinga na dada yake ni Namwinga, kaka ni Simbeye na dada ni Nambeye, na kwamba bibi kizee anayeitwa kwa Na huko Kamsamba anaweza kuwa ndiye mrithi pekee aliye hai wa askari anayeitwa kwa Si katika orodha yake. Hajui pia kwamba ukoo huo huo una tawi Nakonde, na kwamba aliyeandikwa kama mtu wa Rhodesia ya Kaskazini huenda alizaliwa upande huu wa kijito. Elimu hii haiko Kew. Iko Momba, Mbozi na Ileje, vichwani mwa wazee ambao kila mwaka tunawazika.

Kisha kuna wale ambao hata ukingo hawakupewa. Msomaji asije akadhani kwamba ninataka historia ya wenye medali peke yao. Vita vya Afrika Mashariki vilipiganwa kwa miguu na mabega ya wapagazi, ambao upande wetu na ng'ambo ya mpaka waliitwa tengatenga. Wanahistoria wanakadiria kwamba Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokaribia milioni moja, na kwamba waliokufa, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa, walikaribia laki moja. Baada ya vita, makaburi ya walio wengi yaliachwa yarudi kuwa pori. Mwezi Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Huko Afrika Kusini ubaguzi ulikuwa wa wazi zaidi: serikali ilikataa Waafrika wake waliokwenda kufanya kazi Ufaransa wasipewe medali, ilhali wenzao wa Basutoland, Bechuanaland na Swaziland walipewa ya shaba badala ya fedha. Medali, kwa hiyo, ni daftari la aliyehesabiwa na asiyehesabiwa. Ukizikusanya na kuzisoma kwa pamoja unaanza kuona pia mahali palipo patupu, na mahali hapo ndipo penye mashtaka mazito kuliko yote. Nenda Dar es Salaam ukaitazame Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927: juu yake amesimama askari peke yake, na bunduki yake. Wapagazi tumewaachia jina la Kariakoo, na wengi wanaonunua nyanya pale hawajui kwamba neno hilo ni kikosi cha wapagazi kilichotamkwa kwa ulimi wetu.

Kuna dharura nyingine ambayo haiwezi kusubiri vikao vyetu vya kitaaluma. Medali za Vita Kuu ya Pili ambazo Waingereza waliwapa askari wetu, ile ya Burma, ile ya Afrika na nyinginezo, hazikuchongwa jina. Ukingo wake ni mtupu. Askari wa Tanganyika walipigana Abisinia mwaka 1941, na katika Bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944, wakiwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walirudi na nyota za shaba zisizo na jina, na malipo ya kustaafishwa ambayo, kama nyaraka za mwaka 1945 zilizotangazwa na vyombo vya habari mwaka 2019 zilivyoonyesha, yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Nyota hiyo ikiwa bado msumarini kwenye ukuta wa nyumba ya mjukuu, ina jina, kwa sababu mjukuu analijua. Ikivuka mlango bila maelezo, hakuna mtafiti wa Kew wala wa Dodoma atakayeweza kuirudishia mwenyewe. Imekuwa chuma.

Sitaki kumaliza kwa kulalamika, maana malalamiko ndiyo mazao pekee ambayo wasomi wa nchi hii huvuna bila mbolea. Nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza ni kwa familia. Siwakatazi kuuza, anayemwambia mwenye mgonjwa asiuze inabidi awe amebeba fedha ya dawa mkononi. Lakini kabla ya kuuza, piga picha mbele, nyuma, na hasa ukingoni, mzunguko mzima, kwenye mwanga wa jua. Usiisugue kwa mchanga wala majivu, utafuta herufi. Andika kwenye karatasi jina la aliyeivaa, kijiji chake, ukoo wake, na jina la anayesimulia. Karatasi hiyo ina thamani kuliko medali yenyewe.

La pili ni kwa walimu wa historia wa shule za sekondari za Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Kila mwanafunzi ana simu nyumbani, na kila mwanafunzi ana bibi. Kazi moja ya likizo, daftari moja kwa kila shule, na katika mwaka mmoja tutakuwa na rejista ambayo hakuna chuo kilichowahi kuikusanya.

La tatu ni kwa wenzangu wa vyuo vikuu. Tunasimamia kila mwaka tasnifu zinazorudia maswali yale yale kwa dodoso lile lile, wilaya tu ndiyo inayobadilishwa. Mpeni mwanafunzi mmoja jina moja lililo ukingoni mwa medali moja, na mmwambie amtafute mtu huyo pande zote mbili za mpaka. Atajifunza mbinu za utafiti kuliko katika semina kumi.

La nne ni kwa serikali yetu katika mazungumzo yake na Uingereza. Tumezoea kudai mafuvu na mifupa, na ni haki. Tuongeze dai dogo lisilomgharimu mtu: nakala za kidijitali za orodha zote za medali za Keya, za polisi wa Rhodesia ya Kaskazini na za vikosi vya wapagazi, zikabidhiwe bure kwa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa letu. Leo hii kadi za medali zinaweza kutafutwa kwa intaneti, lakini nakala ya kadi hulipiwa ada. Kwamba mjukuu wa tengatenga anatakiwa kulipa pauni ili asome jina la babu yake ni jambo ambalo balozi yeyote mwenye haya angeona ugumu kulitetea.

Mimi mwenyewe nimeanza na deni langu. Ile namba ya ukingoni nakumbuka tarakimu zake tatu za mwisho, na mwanzo wa jina. Nimekwenda mara mbili kwenye familia ile, nikaketi na shangazi wa yule kijana, mama mwenye umri mkubwa aliyenisikiliza kwa utulivu, kisha akanitajia majina ya ukoo hadi kizazi cha tano bila kusita. Jina la aliyevaa medali alilijua. Hakujua lilikuwa limeandikwa ukingoni. Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsomea. Sitalitaja hapa, kwa kuwa bado sijaombewa ruhusa na wazee wa ukoo. Lakini sasa limo daftarini, na nitakapopata orodha ya kikosi chake, nitajua nitafute wapi.

Naomba kutoa hoja.